Risala kwa Mgeni Rasmi: Ngoma ya Hadharani na Madai ya Wananchi wa Kawaida

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi mlioambatana naye,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanakikundi wenzetu na wageni wote mliofika,

Kwa niaba ya wanakikundi wote, tunakukaribisha kwa heshima na furaha kubwa katika hafla hii ya kuwapongeza vijana waliomaliza mafunzo ya kuongoza ngoma za hadharani. Tunatambua kwamba umeahirisha shughuli nyingi ili uje kutusikiliza, na kwa sababu hiyo tumeona ni heshima kwako kuitumia nafasi hii kueleza kwa kina jambo moja tunaloliamini, badala ya kukusomea orodha ndefu ya kazi tulizofanya.

Tunaamini kwamba ngoma inayoanza ghafla mahali penye watu wengi, bila jukwaa wala tiketi, ni njia halali na yenye nguvu ambayo watu wasio na cheo wala fedha wanaweza kuitumia kusema kero yao. Tunaamini vilevile kwamba nguvu hiyo hudumu pale tu ngoma inapobeba dai moja linaloeleweka, na inapokuwa na watu waliojiandaa kulifuatilia baada ya wapita njia kuendelea na safari zao. Nusu ya kwanza ya imani hii hupendwa na kila kijana anayejiunga nasi. Nusu ya pili ndiyo tunayotumia muda mwingi kuifundisha, na ndiyo tunayohitaji msaada wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkutano wa hadhara ni jambo jema, lakini anayehudhuria mara nyingi ni yule aliyekwisha kuamua kwamba mada inamhusu. Mwenye aibu, mwenye haraka, asiyeweza kusoma tangazo na anayehofia kuonekana yuko upande fulani hubaki nyumbani. Ngoma inapoanza katikati ya kituo cha mabasi au kwenye lango la soko, watu hao hao ndio wanaoikuta. Mwenye mzigo huutua, mtoto huanza kuiga hatua kabla mzazi hajajua kinachoendelea, na katika muda wa dakika tatu au nne watu ambao wasingekaa pamoja katika ukumbi mmoja hujikuta wakitazama kitu kimoja na kuulizana kina maana gani. Kuulizana huko ndiko tunakokutafuta, kwa sababu mtu aliyeuliza mwenyewe huwa tayari kusikia jibu.

Kwa wachezaji wenyewe kuna faida nyingine, ambayo sayansi imeanza kuieleza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Bronwyn Tarr, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vijana nchini Brazili. Walionyesha kwamba kucheza kwa hatua zinazolingana, na kucheza kwa kutumia nguvu nyingi, kila kimoja kwa nafasi yake huongeza uwezo wa mtu kuvumilia maumivu na humfanya ajione yu karibu zaidi na wenzake. Wanaoanza harakati wakiwa wageni baina yao wanahitaji mno ukaribu huo, kwa sababu kazi ya kudai haki ni ndefu na huchosha, na wengi huiacha kwa upweke kabla hawajaiacha kwa hofu.

Mfano unaotufundisha kuliko yote ni wa Chile, na tunaomba uvumilivu wako tuueleze kwa urefu. Baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973 yaliyomwingiza madarakani Jenerali Augusto Pinochet, watu wengi walikamatwa, na zaidi ya elfu moja miongoni mwao hawakuonekana tena. Mama zao, wake zao na dada zao walizunguka katika vituo vya polisi, mahakama na vyumba vya kuhifadhia maiti wakiuliza walipo, wasipate jibu. Tarehe 8 Machi 1978, Siku ya Wanawake Duniani, baadhi yao walipanda jukwaani katika ukumbi wa Caupolicán jijini Santiago wakacheza cueca. Cueca ni ngoma ya wawili, mwanamume na mwanamke, wanaozungukana wakipunga vitambaa kama watu wanaochumbiana. Wanawake wale waliicheza kila mmoja peke yake, picha ya mpendwa wake ikiwa imebandikwa kifuani, na nafasi ya mwenzi ikaachwa wazi. Mtazamaji yeyote wa Chile, msomi au asiye msomi, alielewa papo hapo kwamba kuna mtu aliyepaswa kuwapo na hayupo, na kwamba kuna aliyemwondoa.

Mwaka uliofuata, 1979, serikali hiyo hiyo ya kijeshi iliitangaza cueca kuwa ngoma ya taifa. Kwa hiyo kila mara wanawake wale walipoicheza peke yao, walikuwa wakiuliza swali lao kwa ngoma ambayo watawala wenyewe walikuwa wameitukuza, na ikawa vigumu kuikemea ngoma hiyo bila kuwafanya watu wajiulize sababu ya kuikemea. Mwaka 1988 ngoma ile ilionyeshwa kwenye televisheni katika vipindi vya kampeni ya kura ya Hapana, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo wananchi walio wengi wakamkatalia Pinochet kuendelea kutawala. Hatudai kwamba ngoma ndiyo iliyoshinda kura hiyo. Kulikuwa na vyama, wanasheria, makanisa na wafanyakazi waliofanya kazi kwa miaka mingi, na wengi wao waliilipia kwa maisha yao. Tunachodai ni kwamba kwa miaka kumi ngoma ile ililiweka swali la waliopotea mbele ya macho ya watu, na kwamba wanawake walioicheza ndio hao hao waliokuwa wakiandika majina, wakikusanya ushahidi na kwenda mahakamani. Mguu uliocheza na mkono ulioandika vilikuwa vya mtu mmoja.

Urithi huo haukuishia kwao. Juni 2011, wanafunzi wa Chile waliokuwa wakidai elimu ya umma iliyo bora na isiyo ya malipo walikusanyika kwa maelfu mbele ya ikulu ya La Moneda, wakiwa wamejipaka rangi na kuvaa kama wafu waliofufuka, wakacheza pamoja kuonyesha kwamba elimu yao imekufa. Ngoma hiyo ilikuwa tawi la mgomo na maandamano yaliyodumu miezi mingi, na mwaka 2016 nchi hiyo ilianza kuwasomesha vyuo vikuu bila ada wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini. Kisha Novemba 2019, kikundi cha wanawake wanne kutoka jiji la Valparaíso kiitwacho LASTESIS kilicheza mtaani ngoma ya kulaani ukatili wa kingono na vyombo vya dola vinavyoufumbia macho. Tarehe 25 ya mwezi huo, ambayo ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ikachezwa Santiago na umati mkubwa zaidi. Wachezaji walijifunga vitambaa vyeusi machoni, na katika sehemu moja wakachuchumaa mikono ikiwa nyuma ya kichwa, kwa sababu wanawake waliokamatwa na polisi walikuwa wakilazimishwa kuchuchumaa hivyo wakiwa uchi. Baada ya siku chache tu ngoma hiyo ilikuwa ikichezwa Mexico, Paris, Istanbul na kwingineko kwingi, mara nyingi kwa lugha ya wenyeji.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini ngoma hiyo ilisafiri kwa kasi hivyo. Jibu letu ni kwamba hatua zake zilikuwa chache na nyepesi, kiasi kwamba mtu aliyeziona mara moja kwenye simu angeweza kuzicheza kesho yake. Hazikuhitaji vazi la gharama, wala wembamba, wala ujana. Mwezi uliofuata wanawake wa makamo na wazee walizicheza kwa wingi mbele ya Uwanja wa Taifa wa Santiago, mahali ambapo mwaka 1973 utawala wa kijeshi uliwafungia na kuwatesa maelfu ya watu. Kwa hiyo tunawafundisha vijana wetu kwamba ustadi wa kupindukia unaweza kuwa adui wa ngoma ya umma. Mchezaji hodari anayeruka na kujipindua angani hupigiwa makofi, lakini mtazamaji anabaki mtazamaji. Hatua ambayo bibi anaweza kuicheza ndiyo inayomwingiza bibi katika dai.

Somo hilo hilo la mlango ulio wazi tunaliona Kanada. Kwa miongo mingi sheria ya nchi hiyo kuhusu watu wa asili ilipiga marufuku baadhi ya sherehe na ngoma zao. Katazo la kwanza lilianza kutumika mwaka 1885, likapanuliwa mwaka 1895, na likaondolewa mwaka 1951 tu. Desemba 2012, vuguvugu la watu wa asili liitwalo Idle No More, lililoanzishwa na wanawake wanne wa mkoa wa Saskatchewan kupinga muswada uliopunguza ulinzi wa mito na maziwa na kugusa haki za ardhi, liliwaita watu kucheza ngoma ya duara ndani ya maduka makubwa wakati wa manunuzi ya Krismasi. Wapiga ngoma walisimama katikati, watu wakashikana mikono, duara likazunguka polepole kwa hatua ya kando, na wanunuzi wasiojua chochote kuhusu muswada huo wakashikwa mkono na kuingizwa. Ngoma ambayo babu zao wangeweza kufungwa kwa kuicheza ilichezwa chini ya taa za maduka, mchana kweupe. Muswada wenyewe ulipita, na hatuoni haja ya kulificha hilo. Lakini vuguvugu lilienea nchi nzima, na mazungumzo ya maji, ardhi na mikataba ya kale yakaingia katika nyumba ambazo hayakuwahi kufika.

Mahali pa kuchezea nako ni sehemu ya ujumbe. Nchini Hispania, baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, kikundi cha flo6x8 kutoka Sevilla kiliingia katika matawi ya benki na kucheza flamenco, ngoma ya jadi ya kusini mwa nchi hiyo, mbele ya madirisha ya wahudumu, kikiimba juu ya madeni na watu waliopoteza nyumba. Ngoma ile ile kama ingechezwa kwenye ukumbi wa maonyesho ingekuwa burudani. Ndani ya benki ilikuwa mashtaka. Nasi tulipotaka kusema juu ya wasichana wanaosumbuliwa ndani ya mabasi, hatukwenda uwanja wa michezo ambako tungepata nafasi tele. Tulikwenda kituoni, mahali ambapo jambo lenyewe hutokea, tukacheza mbele ya wale wanaolitenda, wanaotendewa, na walio wengi zaidi, yaani wanaoliona na kunyamaza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungependa pia kuondoa dhana moja. Ngoma ambayo ni ya ghafla kwa mtazamaji si lazima iwe ya ghafla kwa mchezaji. Zipo zinazozuka kweli bila maandalizi marefu. Huko Tbilisi, Georgia, Mei 2018, polisi wenye silaha walivamia kumbi mbili za dansi usiku, na siku hiyo hiyo maelfu ya vijana wakakusanyika mbele ya bunge wakacheza kama namna ya kupinga. Huko Afrika Kusini, toyi-toyi, kwa magoti yanayoinuliwa juu na wimbo wa kupokezana, iliweza kuanzishwa na mtu mmoja katika mazishi au maandamano ya miaka ya 1980 na umati mzima ukaifuata, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuijua. Lakini hata hizo zilisimama juu ya kitu kilichotangulia: vijana wa Tbilisi walikuwa wamezoeana katika kumbi zao, na watu wa Afrika Kusini walikuwa na hatua na nyimbo za pamoja. Asiye na msingi huo inambidi aujenge.

Katika kikundi chetu tunaujenga hivi. Kwanza tunakaa na wenye kero, si kuwasemea, na hatutoki hadi dai lao liweze kutamkwa kwa sentensi moja ambayo mtoto ataikumbuka. Kisha tunatembelea eneo kabla ya siku yenyewe, tujue gari la wagonjwa litapita wapi, wenye ulemavu watasimama wapi, na mwenye biashara yupi tunaweza kumzibia riziki yake bila kukusudia. Siku ya kucheza, baadhi yetu hawachezi kabisa: mmoja huongea na polisi au mlinzi, wengine hutembea ndani ya umati wakieleza na kusikiliza, mwingine huandika majina ya wanaotaka kuhudhuria kikao cha wiki hiyo. Hao ndio tunaowapa mafunzo marefu zaidi, na miongoni mwa vijana tunaowapongeza leo wamo wengi waliochagua kazi hiyo isiyopigiwa makofi. Kuhusu picha, tuna sharti tusilolilegeza: hatuchapishi sura ya mpita njia bila ridhaa yake, na kamwe hatuonyeshi sura ya aliyetendewa ukatili, hata kama mwenyewe siku hiyo ana ujasiri, mpaka awe amepata muda wa kufikiri.

Wapo wanaotuuliza, tena kwa nia njema, kama kucheza si kulifanyia jambo zito mzaha. Swali hilo liliulizwa pia duniani. Tarehe 14 Februari 2013, kampeni ya One Billion Rising, iliyoanzishwa na mwandishi Eve Ensler wa Marekani, iliwaita watu wa nchi nyingi kucheza hadharani kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ikijiita kwa hesabu ya kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu, yaani takriban bilioni moja, hupata kipigo au kubakwa katika maisha yake. Baadhi ya wanaharakati walihoji dansi ya siku moja inamsaidia nini mwanamke anayerudi kwenye nyumba ile ile jioni. Sisi tunaliona swali hilo kuwa la haki kabisa, na hatutaki lijibiwe kwa maneno matamu. Ngoma isiyo na namba ya simu ya msaada, isiyo na kikao kinachofuata na isiyo na ofisi inayopelekewa dai, humwacha aliyeumia pale pale alipokuwa, ila sasa akiwa amewaona wengine wakifurahi. Ndiyo maana tunakataa mialiko ya kucheza mahali ambapo wenyeji hawajakubaliana juu ya hatua inayofuata.

Tunatambua vilevile kwamba kucheza hadharani kuna hatari, na kwamba hatari hiyo haifanani kila mahali. Nchini Marekani, mwaka 2011, mahakama ya rufaa iliunga mkono katazo la kucheza ndani ya mnara wa kumbukumbu ya Thomas Jefferson jijini Washington, na siku chache baadaye watu waliokwenda kucheza humo kwa kupinga uamuzi huo wakakamatwa. Nchini Iran, Januari 2023, vijana wawili wachumba waliojirekodi wakicheza mbele ya mnara wa Azadi jijini Tehran walihukumiwa vifungo virefu gerezani. Tunayataja haya kwa sababu kiongozi wa ngoma anayewapeleka wenzake barabarani bila kujua sheria ya mahali hapo anacheza na uhuru wao, na kwa sababu ukali wa namna hiyo unaonyesha kwamba wenye mamlaka hawaioni ngoma kuwa jambo dogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo tunaomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wako. Tunaomba utusaidie kupata utaratibu ulioandikwa wa kutumia maeneo ya umma, unaosema wazi nani anapewa taarifa, kwa muda gani kabla, na kwa sababu zipi tu anaweza kukataa. Kwa sasa majibu hutegemea nani yuko zamu. Tunaomba maofisa wa usalama wakutane na viongozi wetu vijana nje ya siku za ngoma, wafahamiane kwa majina, kwa kuwa kutojuana ndiko kunakozaa nguvu zisizo za lazima. Tunaomba shule zituruhusu kuwafundisha wanafunzi, pamoja na hatua za ngoma, namna ya kuandika dai, kuendesha kikao na kusoma bajeti ya umma.

Ombi letu kubwa zaidi ni la kutafutiwa mtu wa kupokea. Mara nyingi tumecheza, watu wamesimama, wametia saini, na karatasi zao zimefika kwenye ofisi ambayo hakuna aliyeteuliwa kuzijibu. Tunaomba ateuliwe ofisa mmoja, mwenye jina na siku maalumu, ambaye atapokea madai yanayotokana na shughuli hizi na kuyajibu kwa maandishi, hata pale jibu litakapokuwa ni hapana, ili wananchi walioweka saini waweze kulisoma, kulijadili na kuamua wafanye nini. Vijana hawa waliohitimu wameandaa nakala za madai ya miezi iliyopita ambayo bado hayajajibiwa, na kwa ruhusa yako watakukabidhi mara tu baada ya kutoa vyeti.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanakikundi.